Biskuti za Mudiri

Bi Bimkubwa wa Micheweni alipokwenda kuhiji, aliaga kama wanavyoaga watu wanaojua kuwa safari ile huenda isiwe na kurudi. Alipita nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Alimwomba radhi jirani aliyenuniana naye kwa sababu ya kamba ya kuanikia mwani. Alimwomba radhi muuza mkaa aliyewahi kumwita mwizi mbele za watu, ingawa alipotoka pale alinong'ona kwamba mwizi ni mwizi tu. Mwisho kabisa alirudi kwake, akakaa kitako juu ya mkeka, akampakata paka wake na kumwomba radhi yeye pia.

"Kama nimekukanyaga mkia, nisamehe. Kama kuna siku nimekuchelewesha kula, nisamehe."

Paka akafumba macho taratibu. Waliokuwepo walishuhudia kwamba amesamehe.

Paka huyo aliitwa Mudiri, kwa sababu alitembea kama mtu mwenye ofisi na karani. Alikuwa wa milia ya kijivu, kifua cheupe, sikio moja limekatika ncha. Hakuna aliyemleta. Aliingia mwenyewe ndani wakati Bi Bimkubwa yumo edani, siku zile mjane hatoki na watu wamekwisha kupunguza kuja kumtazama, akalala ubavuni pake hadi eda ikaisha. Tangu hapo mtu aliyemsema vibaya Mudiri alikuwa amemsema vibaya mwenye nyumba.

Basi usiku wa kuondoka, Bi Bimkubwa alimwita mjukuu wake Yumna, aliyekuwa amerudi likizo kutoka skuli ya bweni Unguja.

"Mama yako ana mwani wake," alisema. "Binamu yako Haidar hata kuku humsahau nje. Nakuachia wewe. Mudiri ni amana. Waijua amana?"

"Naijua, Bibi. Tumeisoma."

"Sijakuuliza kama mmeisoma. Waijua?"

"Naijua."

Bibi akamkabidhi kopo kubwa la bati. Mlikuwa na chakula cha Mudiri cha siku nyingi. Bi Bimkubwa alikitengeneza kwa mkono wake: vichwa vya dagaa vilivyokaushwa na kutwangwa, unga wa muhogo, na kiasi cha ncha za vidole vitatu cha unga wa dome, yaani ule mfupa mweupe wa dome, ndugu yake pweza, unaookotwa ufukweni maji yakitoka. Unga huo, alisema, ulikuwa kwa ajili ya mifupa na meno ya Mudiri. Akishakanda, aliviringa vidonge kwa viganja na kuvianika juani.

"Usizidishe kitu, usipunguze kitu. Kikisha, tengeneza vivi hivi."

Yumna akasema sawa. Alfajiri Bibi akaondoka na mahujaji wenzake, na nyumba nzima ikalia isipokuwa Mudiri, aliyekuwa anakula.

Ni lazima kusema ukweli kuhusu chakula kile. Kilikuwa kibaya cha sura. Kilikuwa cha rangi ya saruji iliyobanduka ukutani, kila kidonge na umbo lake, na baadhi vilikuwa na alama za vidole vya Bi Bimkubwa kama ushahidi wa polisi. Yumna alikuwa msichana wa miaka kumi na saba mwenye akili nyingi na kazi chache, na huko Unguja alikwisha kuona madukani pakiti za chakula cha paka, zenye picha ya paka anayecheka na biskuti za kahawia zinazong'aa. Alipiga picha vidonge vya Bibi na kuzituma kwa wenzake wa bweni. Mmoja akauliza kama nyumba yao imebomoka.

Hapo ndipo Yumna alipoamua kuleta maendeleo.

Alianza kwa heshima, na kile ambacho Bibi mwenyewe alikuwa nacho. Alifikiri: kama unga wa dome kidogo ni mzuri, mwingi utakuwa mzuri zaidi. Akaumimina. Donge likawa jeupe, kavu, halishikamani. Alipoanika vidonge vilipasuka, na alipovishika vilimwagika kama chokaa. Mudiri alinusa mara moja, akaenda kukaa mlangoni na kumpa mgongo.

"Umemtengenezea paka chaki," alisema Haidar, binamu yake, aliyekuja kukopa chaja. "Mpe na ubao."

"Sayansi ina hatua, we mtu."

"Haya, hatua njema."

Hatua ya pili ilitoka ndani ya sanduku lake la skuli. Skulini kwao kila wiki wasichana walipangwa mstari na kupewa kidonge chekundu cha kuongeza damu, na matroni alisimama mbele ya kila mmoja hadi ameze. Yumna alikuwa na kipaji ambacho hakikuwemo katika mtihani wowote: aliweza kuweka kidonge chini ya ulimi, akanywa maji, akafungua mdomo, akasema "aaa", akatoka nacho. Wenzake waliovichukia vidonge vile walijifunza kwake, kisha wakawa wanampa vyao avitupe. Hakuvitupa. Alivitia katika mkebe wa maziwa, akiamini kwamba siku moja vitafaa kwa mzaha mkubwa. Sasa akaona vitafaa kwa jambo la heri. Vilikuwa vyekundu, na ndani yake mna chuma, na chuma ni madini, na madini ni afya. Hivyo ndivyo alivyojieleza, na hakuna aliyekuwepo kumpinga.

Akavitwanga vyote.

Donge halikuwa jekundu kama alivyotaraji. Lilikuwa la kijani kibichi cha kuchusha, kama maji ya mtaro. Lakini Yumna alikwisha kulikanda na mafuta ya samaki ili ling'ae, na chumvi ili linoge, na hakutaka kulitupa. Akachukua mashine ya mkono ya kusukumia tambi za Idi, ambayo mama yake aliitunza kuliko vyombo vyote, akalisukuma donge, akakatakata vipande vilivyolingana, akavitandaza kwenye ungo juani. Na jua likafanya kazi yake. Kufikia alasiri ukijani ulikuwa umegeuka kahawia, na kesho yake kahawia iliyoiva, nzito, ya kung'aa, kama iliyotoka kiwandani.

Jirani yao Bi Tatu alipita kuomba ndimu, akasimama mbele ya ungo.

"Mashaallah. Hizi ni za nini?"

"Za Mudiri, Bi Tatu."

"Za paka?" Bi Tatu akaweka mkono kifuani. "Basi mwanangu, hata mimi ukinitilia kwenye sahani nitasema ahsante."

Mudiri naye alizila. Chumvi na mafuta ya samaki vilimvuta, akala bakuli zima, akalilamba. Yumna alipiga picha. Usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyeifaa nchi yake.

Baada ya siku chache za biskuti hizo, Mudiri alitapika penye kizingiti, kitu cheusi. Yumna akapangusa, akasema amekula mjusi. Siku iliyofuata akatapika tena, na uchafu wake ulikuwa mweusi kama lami. Kisha akaacha kula, akaenda kujilaza nyuma ya mtungi wa maji, mahali ambapo hakuwahi kulala tangu aingie katika nyumba ile. Yumna alipomgusa hakukoroma wala hakukwaruza. Hilo ndilo lililomtisha. Mudiri wa kawaida angemkwaruza.

Walimtia katika kikapu chenye kanga, yeye na Haidar, wakampakia kwenye pikipiki hadi kwa bwana mifugo. Njiani Haidar, ambaye hakuwa na siku bila dhihaka, aliendesha macho barabarani tu. Yumna alitamani amtanie.

Bwana mifugo aliitwa Abdulnasir, mtu mpole aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Alimfinya Mudiri tumbo, akamtazama ufizi, akauliza amekula nini. Yumna akatoa biskuti iliyofungwa katika karatasi. Hata wakati ule sehemu ndogo ya moyo wake ilitaka bwana mifugo aisifu.

Bwana Abdulnasir aliivunja, akainusa, akamsogezea Yumna puani.

"Nusa."

Ilikuwa inanuka mafuta yaliyoharibika, harufu ya chupa ya zamani iliyosahauliwa juani.

"Umetia nini humu?"

Yumna akamwambia. Alianza na mafuta ya samaki, akaenda kwenye chumvi, akazungukazunguka kama mtu anayetafuta kiatu, mwisho akafika kwenye vidonge.

"Vingapi?"

"Vya bweni letu, bwana."

Bwana Abdulnasir alikaa kitako. "Chuma kina kazi mwilini, sikatai. Lakini huyu alikuwa anakipata cha kumtosha kwenye samaki wake. Wewe umempa damu ya wasichana wote wa skuli, peke yake, na yeye ni kilo nne. Kinamuunguza tumbo, na kikizidi kinakwenda kwenye ini. Na chuma hicho hicho ndicho kilichoharibu mafuta yako. Kizuri ulichopata hapa ni rangi tu." Akaigeuza biskuti mkononi. "Rangi yenyewe ni kutu. Na paka hali kwa macho, mwanangu. Anakula kwa pua. Hii rangi ulimpikia nani?"

Yumna aliikunja ile karatasi tupu, akaikunja tena.

Bwana mifugo alisema dawa hasa ya kuondoa chuma hana, na hadhani kama kisiwani iko. Alimdunga maji chini ya ngozi, akampa Yumna bomba la sindano lisilo na sindano la kumnyweshea, akamwambia amrudishe kila asubuhi adungwe tena. "Atapona?" aliuliza Haidar. Bwana Abdulnasir akasema hilo analijua Mwenyezi Mungu, na akalisema kama mtu anayemaanisha hivyo, si kama njia ya kumaliza mazungumzo.

Nyumbani, mama yake Yumna, Bi Mwanakhamis, alisikiliza yote akiwa amesimama na kamba za mwani begani. Hakumpiga wala hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Bibi yako asijue. Msafiri hapewi habari mbaya."

Na hiyo ilikuwa sheria ya nyumba zote. Wapo watu waliokwenda Makka wakarudi na kukuta kaburi limeota majani, na kila siku walipopiga simu waliambiwa mgonjwa amelala. Yumna aliipokea amri hiyo kwa moyo wa furaha kidogo, lazima isemwe, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwake wakubwa walikuwa wamemwagiza kudanganya.

Bibi alikuwa akipiga simu ya video kila jioni, kwa msaada wa hujaji mwenzake aliyejua kubonyeza. Salamu zilikuwa fupi. "Nionyesheni Mudiri."

Paka wa Bi Tatu alikuwa na milia ya kijivu pia, kama paka wengi wa mtaa ule. Kifua cheupe hakuwa nacho. Kilipatikana kwa unga wa ngano. Sikio zima lilikunjwa kwa kidole cha Yumna, kwa mapenzi ya hali ya juu. Paka wa Bi Tatu alikaa mbele ya simu akiwa ameshikwa, akitazama kwa uso wa mtu aliyesingiziwa. Haidar aliziba mdomo kwa shuka. Jioni ya kwanza Yumna naye nusura acheke.

"Amenenepa," alisema Bibi, kutoka mbali.

"Anakula vizuri, Bibi."

"Alhamdulillahi."

Jioni ya pili paka yule alipiga chafya, na unga ukapeperuka. Bibi akasogeza uso karibu na simu. Jioni ya tatu aliangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Yuko salama?" Yumna akasema yuko salama, na wakati akisema hivyo Mudiri wa kweli alikuwa nyuma ya mtungi, ubavu wake ukipanda na kushuka kwa kazi. Bibi akasema haya, akakata. Jioni ya nne alipiga, akauliza kila mtu hali, hakumwulizia paka.

Mzaha ulikuwa umekwisha ladha. Yumna alimnywesha Mudiri maji tone kwa tone, asubuhi alimpeleka kwa bwana mifugo, alirudi, akalala sakafuni karibu na mtungi. Bakuli lilikaa na samaki wa kuchemsha hadi sisimizi wakaja.

Kisha Bibi akapiga simu kutoka Mina. Keshavaa ihramu, alisema, na kesho yake wanasimama Arafa, na kila mtu wa nyumbani amtajie haja yake, kwa sababu hakuna alasiri iliyo bora kwa kuomba kuliko ile. Simu ikapita mkono hadi mkono kama chano cha kahawa. Bi Tatu alitaka goti lake. Haidar alitaka afaulu hesabu, na, akaongeza kwa sauti ndogo, pikipiki. Bi Mwanakhamis alitaka mwani usipate ugonjwa. Kisha simu ikamfikia Yumna, na mama yake akamtazama jicho la kumkumbusha.

Yumna aliifikiria alasiri ile ya kesho, bibi yake amesimama katika umati ule wote, mikono juu, akiombea goti na pikipiki, na hapo hapo Mudiri akifa nyuma ya mtungi bila ya mtu kumtaja. Lilikuwa jambo lisilowezekana kulibeba.

"Bibi," alisema, "Mudiri anaumwa. Mimi ndiye niliyemuumiza. Nilitia vidonge vya damu kwenye chakula chake ili kipendeze."

"Yumna!" alisema mama yake.

"Nataka umwombee. Hiyo ndiyo haja yangu."

Kule Mina palikuwa na kelele za watu wengi. Katikati yake sauti ya Bibi ikaja, nyembamba.

"Yu hai?"

"Yu hai, Bibi. Hali, lakini yu hai."

Wakamsikia analia. Alilia bila kujificha, kama analia peke yake chumbani. Walimwacha. Alipoweza kusema, alisema:

"Mimi nilijua amekufa. Yule wa Tatu namjua kama ninavyojua kiganja changu, mama yake kazalia chini ya kitanda changu. Nikaona kifua kinapukutika, nikasema basi, keshakufa, wananificha. Nimemlilia mbele ya Kaaba, Yumna. Nimeshamaliza kumlilia. Nikawa nasema ni paka tu, mwanamke mzima nimekuja kwa Mungu nalia paka." Akapenga kamasi. "Na wewe unaniambia yu hai."

"Nisamehe, Bibi."

"Usinambie hayo sasa. Nimo katika ihramu. Mwenye ihramu hagombani na mtu, na mimi nikikujibu nitagombana. Subiri nivue."

Akakata simu. Haidar alimtazama Yumna kwa heshima ambayo watu huwapa waliohukumiwa.

Basi kesho yake huko Makka ikawa siku ya Arafa. Micheweni siku hiyo ilikuwa bado nyuma, kwa sababu nyumba yao ilifuata mwezi ulioonekana nyumbani, na nyumba ya pili ilifuata Makka, na baina ya nyumba mbili hizo watu walipishana wakitabasamu kwa adabu. Yumna alitwanga vichwa vya dagaa. Alichanganya unga wa muhogo, akatia unga wa dome kwa ncha za vidole vitatu, akavipangusa vidole pembeni mwa chombo ili unga usizidi. Hakutia mafuta, hakutia chumvi. Alivyoviringa vilitoka vibaya kuliko vya Bibi. Vilivyobaki vya kahawia, vizuri, vyenye kung'aa, alichimba shimo nyuma ya choo akavifukia, na juu yake akaweka jiwe la matumbawe ili asivifukue kuku wala mbwa wa kupita.

Mchana ule Mudiri hakula. Alasiri hakula. Yumna alikaa naye akitazama saa na kufikiri kwamba sasa huko wameinua mikono. Magharibi ilipoingia, Mudiri alinyoosha mguu, akaulamba, akachoka, akalala tena. Hiyo ilikuwa siku yote.

Asubuhi yake Micheweni nayo ikafunga Arafa, na Yumna akafunga. Alimpeleka Mudiri akadungwa, akarudi, akamweka kwenye kanga. Adhuhuri alisogeza kidonge kimoja kibaya cha rangi ya saruji karibu na pua yake. Mudiri alinusa, akafikiri kwa muda mrefu kama mtu aliyeletewa faili. Kisha akakiuma kwa ubavu wa mdomo. Kilipasuka. Akatafuna, akameza, akatazama chini kama kuna kingine.

Yumna hakupiga kelele. Alisogeza cha pili.

Na hapo simu ikalia. Makka ilikuwa Idi. Bi Bimkubwa alikuwa amekwisha kupiga mawe, kuchinja na kupunguza nywele, na ihramu amevua.

"Amekula, Bibi," alisema Yumna kabla ya salamu. "Sasa hivi. Kidonge kimoja, na cha pili anacho mdomoni."

"Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Kaa kitako."

Yumna akakaa kitako.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Vizuri. Basi hutanijibu."

Na kweli hakumjibu. Bi Bimkubwa alizungumza kwa pumzi alizozishikilia siku zote zile za kutogombana, na zote zilimfikia mjukuu wake kwa mpango, kama Haidar alivyokwisha kumsimulia: habari ya vidonge alivyomficha matroni, habari ya damu ya watoto wa watu, habari ya mashine ya tambi, habari ya paka wa jirani kufanywa chapati. Kisha sauti ikashuka, na hapo ndipo Yumna alipoanza kulia, kwa sababu sauti ya juu alikuwa ameizoea.

"Kumlisha vibaya ni kosa la mtu asiyejua. Hilo nimekusamehe, nilikusamehe pale pale Arafa. Lakini nilikuuliza, yuko salama? Ukanitazama, ukanambia yuko salama. Nikarudi kulala na maiti moyoni."

"Mama alisema—"

Akajizuia.

"Mpeleke kwa Tatu," alisema Bibi. "Na kopo lake. Nikirudi nitamchukua kwa Tatu, si kwako."

"Bibi, amenizoea sasa. Anakula mkononi mwangu."

"Mpeleke, Yumna. Amana haikai kwa mtu kwa sababu anaipenda."

Simu ikakatika. Yumna alikaa hadi Mudiri alipomaliza kidonge cha pili, na cha tatu. Kisha akamfunga katika kanga, akabeba kopo kwa mkono mwingine, akavuka uwanja. Bi Tatu alikuwa amekwisha kupigiwa, maana alikuwa amesimama mlangoni na mikono imenyooka. Yule paka wake alimwona Yumna, akakimbilia uvunguni.

Bi Tatu alifungua kopo, akachungulia, akakunja uso.

"Ndiyo haya madonge atakayokula?"

"Ndiyo hayo, Bi Tatu. Machache machache, na maji karibu. Yakisha, niite nije niyatengeneze hapa hapa mbele yako."

Bi Tatu alimtazama usoni, akaona alivyolia, akasogea kidogo kumpisha.

"Ingia basi umwonyeshe pa kulala. Hapa pageni kwake."

Yumna akavua makubazi, akaingia.